Blaise Pascal na Nguvu ya Maji Yaliyotulia

Katika shule nyingi za msingi za Wilaya ya Chamwino, kitu cha thamani kubwa kuliko vyote vilivyomo uwanjani ni tangi la maji ya mvua. Mvua za uwanda huu wa kati ni haba: wastani wake ni kama milimeta 500 hadi 600 kwa mwaka, na karibu zote hunyesha baina ya Desemba na Aprili. Paa la bati lenye eneo la meta za mraba 100, likipata milimeta 500 za mvua, hupokea lita 50,000 za maji. Maji hayo yasipohifadhiwa, watoto hurejea kwenye madumu na kwenye mwendo mrefu wa kufuata visima vilivyochimbwa katika mchanga wa makorongo. Ndiyo maana matangi hujengwa, na mara nyingi hujengwa kwa nguvu za wazazi na walimu wenyewe. Lakini tangi lililojengwa bila kujua maji yanasukuma wapi, na kwa nguvu gani, huweza kupasuka siku ile ile lijaapo. Na huenda siku hiyo darasa zima limepanga foleni mbele ya koki.

Mtu aliyeifafanua nguvu hiyo kwa utaratibu, hata ikawa kanuni inayofundishwa duniani kote, ni Blaise Pascal wa Ufaransa, aliyeishi miaka 39 tu katika karne ya 17. Wanachuo wetu wengi hukutana na jina lake kama kizio cha kanieneo, kisha hulipita. Sisi tunaona kwamba maisha yake yanamfaa mwalimu wa shule ya msingi kuliko maisha ya wataalamu wengi waliokuwa wakubwa zaidi yake. Ndani yake mna habari za mtoto aliyefundishwa nyumbani kwa mpango maalumu, mna jaribio kubwa lililofanywa na mtu mwingine kwa kufuata maelekezo mazuri, na mna hata njia ya kufundisha kusoma.

Pascal alizaliwa tarehe 19 Juni, 1623, katika mji wa Clermont, ulio katikati ya Ufaransa, karibu na safu ya milima ya volkano iliyozimika. Mama yake, Antoinette Begon, alifariki mwaka 1626, mtoto akiwa na umri wa miaka mitatu. Baba yake, Étienne Pascal, alikuwa ofisa wa mahakama ya kodi na mjuzi wa hisabati. Mwaka 1631 Étienne alihamia Paris pamoja na watoto wake watatu, yaani Gilberte, Blaise na Jacqueline, akaamua kumfundisha Blaise yeye mwenyewe bila kumpeleka shule.

Mpango wa baba huyo tunaujua kwa sababu Gilberte aliandika maisha ya ndugu yake. Kanuni yake kubwa ilikuwa kwamba kazi anayopewa mtoto iwe daima chini kidogo ya uwezo wake, ili mtoto aitawale kazi, na si kazi imtawale mtoto. Kilatini kilisubiri mpaka mwana afikie miaka 12. Kabla ya kumfundisha lugha yoyote ya kigeni, Étienne alimweleza kwanza lugha ni nini kwa jumla, na kwa nini watu waliziwekea kanuni. Hisabati aliizuia kabisa. Alichelea kwamba utamu wake ungemfanya mtoto asahau masomo mengine, hata akavifungia vitabu vyake vyote.

Yaliyofuata yanasimuliwa na Gilberte. Mtoto alimsihi baba amweleze angalau jiometria inahusu nini. Alipopata jibu fupi tu, akawa anajifungia chumbani saa za mapumziko na kuchora sakafuni kwa mkaa. Kwa kuwa hakujua majina, duara aliliita mviringo na mstari aliuita ufito, akaendelea kujenga hoja moja juu ya nyingine. Baba alipomfuma, mtoto mwenye umri wa miaka 12 alikuwa anatafuta uthibitisho kwamba pembe tatu za pembetatu zikijumlishwa ni sawa na pembe mraba mbili. Étienne alishindwa kusema neno. Baada ya hapo alimpa kitabu cha Euclid. Wako wanaofikiri kwamba upendo wa dada umeikuza kidogo hadithi hii, na huenda ni kweli. Hata hivyo inatukumbusha jambo ambalo kila mwalimu wa darasa la kwanza katika vijiji vya Wagogo amepata kuliona: mtoto huja shuleni akiwa tayari anayo mawazo mengi ya vipimo na maumbo, ila hana majina tunayoyataka sisi. Tukimdai jina kabla ya wazo, tutamwona mjinga.

Mwaka 1640 familia ilihamia Rouen, ambako Étienne alikuwa amepewa kazi ya kusimamia kodi za jimbo. Hesabu zilikuwa nyingi kupita kiasi, na ili kumpunguzia baba yake mzigo, Blaise alianza mwaka 1642 kubuni mashine ya kujumlisha na kutoa kwa magurudumu. Alitengeneza mifano kama 50. Mashine hiyo ina sifa yake katika historia ya kompyuta, lakini haihusiani na maji, nasi hatutakaa juu yake.

Lililobadili maisha yake ni habari zilizotoka Italia. Mwaka 1644 zilianza kuenea habari za jaribio la Evangelista Torricelli. Mrija wa kioo ulioziba upande mmoja hujazwa zebaki, hufunikwa kwa kidole, kisha hupinduliwa ndani ya bakuli la zebaki. Zebaki hushuka mpaka kimo cha sentimeta 76 hivi na kusimama, na juu yake hubaki nafasi isiyo na kitu. Wataalamu wengi wa zamani walishikilia kwamba maumbile hayakubali kamwe nafasi tupu. Basi ile nafasi ni nini, na nani anayeizuia zebaki isimwagike yote?

Mwaka 1646 Pascal alilifanya jaribio hilo huko Rouen pamoja na Pierre Petit, rafiki wa baba yake. Mji wa Rouen ulikuwa na kiwanda kizuri cha kioo, naye akaagiza mirija yenye urefu wa karibu meta 15, akaifunga kwenye mlingoti wa merikebu ili iweze kusimamishwa. Mmoja ulijazwa maji, mwingine divai nyekundu. Hapa ndipo tunapoiona akili ya mwalimu. Kabla ya kuipindua mirija, aliwauliza watazamaji watabiri: ni kipi kitasimama juu zaidi? Wale walioamini kwamba nafasi ya juu hujazwa na mvuke walisema divai itashuka zaidi, kwa kuwa ina mvuke mwingi. Ikawa kinyume. Divai ilisimama juu zaidi, kwa sababu ni nyepesi kuliko maji, na kimiminika chepesi huhitaji kimo kikubwa zaidi ili kulingana na uzito ule ule unaokisukuma kutoka nje. Mwalimu anayefanya jaribio bila kuwataka wanafunzi watabiri kwanza huwapa tamasha tu.

Kilichobaki kilikuwa kuthibitisha kwamba kinachosukuma kutoka nje ni uzito wa hewa. Pascal alifikiri hivi: ikiwa hewa ni bahari nasi tumo chini yake, basi anayepanda mlima hupunguza kina cha bahari hiyo, na zebaki haina budi kushuka. Paris haina mlima. Zaidi ya hayo Pascal alikuwa mgonjwa. Tangu ujana wake hakuwa na afya. Tarehe 15 Novemba, 1647, alimwandikia shemeji yake Florin Périer, mumewe Gilberte, aliyeishi Clermont, akimwomba apande mlima wa Puy de Dôme.

Périer alisubiri hali nzuri ya hewa, na tarehe 19 Septemba, 1648, akaondoka pamoja na makasisi na watu wengine wa kuaminika kuwa mashahidi. Utaratibu wake unastahili kufundishwa vyuoni neno kwa neno. Bustanini, chini ya mlima, alisimamisha mirija miwili kwa zebaki ile ile akaona kwamba inalingana: kimo kilikuwa kama sentimeta 71. Mmoja aliuacha hapo hapo chini ya ulinzi wa mtawa aliyeutazama mchana kutwa. Mwingine alipanda nao. Juu ya kilele, kama meta 1,000 kutoka alipoanzia, zebaki ilisimama kwenye kimo cha sentimeta 63 hivi. Alirudia kupima mara tano mahali mbalimbali kileleni, ndani ya kikanisa kidogo na nje, penye upepo na pasipo upepo. Akapima tena njiani wakati wa kushuka, akakuta kimo cha katikati. Chini, mtawa alitoa taarifa kwamba mrija wake haukubadilika siku nzima, na mrija ulioshuka kutoka mlimani ukarudi kwenye kimo kile kile cha asubuhi. Kwa lugha ya leo, mrija ule wa bustanini ndio kilinganishi. Bila ya huo mtu angeweza kudai kwamba hali ya hewa imebadilika tu.

Ndugu wanachuo, mlima wa Périer hatuna haja ya kuutafuta Ufaransa. Mji wa Dodoma uko kama meta 1,120 juu ya usawa wa bahari, na Chamwino ni jirani yake. Atokaye Dar es Salaam kwa treni ya umeme iliyoanza safari zake mwaka 2024, au kwa basi, hupanda kimo kinacholingana na kile alichopanda Périer. Zebaki inayosimama kwenye sentimeta 76 pwani husimama hapa kwenye sentimeta 67 hivi. Asiye na zebaki, na kwa kweli zebaki ni sumu isiyostahili kuingia katika darasa la watoto, achukue chupa tupu ya plastiki, aifunge kwa nguvu akiwa Dodoma, aende nayo pwani. Itafika imebonyea. Anayependa jambo lenye faida zaidi azingatie pampu ya kunyonya maji. Pwani, hewa huweza kuyasukuma maji juu hadi meta 10.3 hivi, wala si zaidi. Katika uwanda wetu kikomo hicho hushuka hadi karibu meta 9, na kwa pampu halisi, inayovuja kidogo hapa na pale, ni pungufu zaidi. Kwa kisima chenye maji yaliyo meta 15 chini, pampu ya kunyonya iliyowekwa juu ya ardhi haitatoa hata tone, hata ikisukumwa na vijana kumi. Pampu ya kisima kama hicho lazima sehemu yake ya kusukuma izamishwe majini.

Kutoka kwenye hewa Pascal aligeukia maji yenyewe. Kufikia mwaka 1654 alikuwa amekwisha kuandika maandiko mawili, moja juu ya usawazo wa vimiminika na jingine juu ya uzito wa hewa. Haki itendeke: Simon Stevin wa Uholanzi alikuwa ameandika juu ya jambo hili mwaka 1586, na Pascal hakuanza kutoka sifuri. Lakini ni yeye aliyeliweka likaeleweka.

Fundisho la kwanza ni hili. Chukua vyombo vya maumbo mbalimbali, kimoja chembamba kama mrija, kingine kipana kama pipa, kingine kilichotanuka juu kama faneli, vyote vikiwa na tundu la ukubwa mmoja chini, lililozibwa kwa kizibo. Vijaze maji mpaka kimo kimoja. Nguvu inayohitajiwa kukizuia kizibo ni ile ile kwa vyote. Uzito wa maji yote yaliyomo haujalishi. Kina ndicho kinachotawala. Kanieneo, yaani nguvu inayosukuma kila kipande cha eneo, huongezeka kwa kadiri unavyokwenda chini, na husukuma pande zote, kando na juu sawa na chini. Fundisho la pili ni kwamba kimiminika kilichofungiwa kikisukumwa mahali pamoja, kanieneo kilichoongezwa huenea kote bila kupungua. Pascal alieleza chombo chenye midomo miwili iliyozibwa kwa pistoni, mmoja ukiwa na eneo mara 100 ya mwingine, akaonyesha kwamba mtu mmoja kwenye pistoni ndogo huwalingana watu 100 kwenye pistoni kubwa. Jeki za mafuta zinazoinua malori katika gereji zetu ni kazi ya wazo hilo.

Sasa tulirudie tangi la shule. Tuseme ni la duara, kipenyo chake meta 3 na kina cha maji meta 2, yaani lita 14,000 hivi. Kwenye sakafu kanieneo ni kama paskali 20,000, sawa na uzito wa tani mbili juu ya kila meta ya mraba. Watoto wengi, na watu wazima wengi pia, wataamini kwamba tangi pana zaidi lenye kina kile kile lina kanieneo kubwa zaidi. Sivyo. Lakini hapa pana jambo linalohitaji uangalifu. Ukuta wa tangi la duara huvutwa kama mkanda uliofungwa kiunoni, na mvuto huo hupatikana kwa kuzidisha kanieneo kwa nusukipenyo. Katika tangi letu, mkanda wa ukuta wenye upana wa meta moja, ungebeba kanieneo cha chini kote, ungevutwa kwa nguvu ya tani tatu hivi. Tangi lenye kipenyo cha meta 6 na kina kile kile lina kanieneo kile kile, ila ukuta wake huvutwa kwa nguvu mara mbili. Tofali na saruji hustahimili sana kukandamizwa, lakini hazistahimili kuvutwa. Kwa hiyo fundi hodari huzungusha nondo, waya au wavu ndani ya ukuta, na huzikaribianisha zaidi sehemu ya chini kuliko juu. Tangi la pembe nne hupata taabu kubwa zaidi, kwani kuta zilizonyooka hupinda kuelekea nje, na nyufa huanzia pembeni.

Kuna jaribio moja ambalo vitabu vingi hulieleza kwa ajili ya somo hili, nasi tunalitaja kwa sababu vingi hulichora vibaya. Kopo hutobolewa matundu matatu, la juu, la kati na la chini, na mchoro huonyesha mchirizi wa tundu la chini ukifika mbali kuliko yote. Kopo likiwa limewekwa chini juu ya ardhi, mambo hayaendi hivyo. Mchirizi wa katikati ndio unaofika mbali zaidi, kwa kuwa maji ya tundu la chini, ingawa hutoka kwa kasi kubwa zaidi, hugusa ardhi mapema. Mwalimu aliyelisoma jaribio bila kulifanya atafadhaika mbele ya darasa, na mtoto mwenye macho atajifunza kwamba kitabu huaminiwa kuliko maji. Liweke kopo juu ya meza, ukingoni, na maji yaachwe yaanguke mpaka sakafuni. Hapo mchirizi wa chini utashinda. Au waache watoto waweke kidole kwenye kila tundu waone lipi linasukuma zaidi. Njia hii ya kidole inafaa hasa kwa watoto wasioona, na katika wilaya hii, yenye shule ya wasioona ya Buigiri, mwalimu ni vizuri aizoee.

Pascal mwenyewe hakuokoka lawama ya namna hiyo. Baada ya kifo chake, Mwingereza Robert Boyle alisema waziwazi kwamba baadhi ya majaribio ya Pascal yalionekana kuwa ya kufikirika tu, kama lile la mtu anayeketi chini ya maji yenye kina cha futi 20 akiwa ameuegemeza mrija kwenye paja lake. Tena kuna kisa maarufu cha pipa: kwamba mwaka 1646 Pascal alisimamisha mrija mwembamba na mrefu juu ya pipa lililojaa maji, akamimina maji kidogo kutoka ghorofani, pipa likapasuka. Kisa hicho hakimo katika maandishi yake yaliyobaki. Lakini hesabu yake ni sahihi. Mrija wenye urefu wa meta 10 na tundu la sentimeta moja ya mraba hujazwa na lita moja tu ya maji, na lita hiyo moja huongeza juu ya kila meta ya mraba ya pipa nguvu sawa na uzito wa tani 10.

Nani angedhani kwamba pipa la Pascal linaweza kujengwa katika uwanja wa shule? Tangi la zege lililofunikwa juu kwa zege, lenye bomba linaloshuka wima kutoka kwenye mfereji wa paa, ni pipa hilo hilo endapo bomba la kufurikia limezibwa na majani na mfuniko umezibwa barabara. Maji yakiisha kujaa tangi hupanda ndani ya bomba la wima. Yakipanda meta moja na nusu tu juu ya kifuniko, kifuniko cha kipenyo cha meta 3 husukumwa kutoka chini kwa nguvu ya zaidi ya tani 10, nacho, kikiwa na unene wa sentimeta 10, chenyewe hakifikii uzito wa tani mbili. Kwa hiyo kazi ya zamu ya kusafisha mifereji na bomba la kufurikia kabla ya Desemba si ya kuwapa watoto kama adhabu. Na kwa kuwa mifereji iko juu, ni kazi ya watu wazima.

Katika mwaka ule ule wa 1654 Pascal aliandikiana barua na Pierre de Fermat juu ya michezo ya kubahatisha, na kutokana na barua hizo ikaanza hisabati ya uwezekano. Baba yake alikuwa amefariki mwaka 1651, na Jacqueline alikuwa ameingia utawani huko Port-Royal mapema mwaka 1652, kinyume cha matakwa ya kaka yake, aliyekuwa akimtegemea kwa kila kitu. Usiku wa tarehe 23 Novemba, 1654, Pascal alipata tukio la kiroho lililomgeuza. Tangu hapo nguvu zake nyingi alizitoa kwa mambo ya dini, na maandishi yake ya miaka hiyo ndiyo yaliyompa jina katika fasihi ya Wafaransa.

Lakini Port-Royal ilikuwa na shule ndogo za watoto, nasi hapo tunakutana naye tena. Watoto wa wakati ule walifundishwa kutaja majina ya herufi, kisha wayaunganishe yawe neno, jambo lililowatesa sana, kwa kuwa jina la herufi si sauti yake. Pascal alishauri kwamba mtoto asifundishwe majina ya konsonanti kwanza, bali sauti zake kama zinavyosikika zikiungana na irabu. Jacqueline, aliyewafundisha wasichana, alimwandikia mwaka 1655 kumwuliza maelezo zaidi ya njia hiyo, na maelezo yake yakaingizwa katika kitabu cha sarufi cha Port-Royal cha mwaka 1660. Mwalimu anayetumia leo mtindo wa sauti za herufi katika masomo ya Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, uliotiliwa mkazo katika mtaala wa Tanzania wa darasa la kwanza na la pili tangu mwaka 2015, hamlazimishi mtoto aseme em-a-em-a ndipo apate mama. Mwenye kumbukumbu ya jinsi tulivyofundishwa baadhi yetu atapima mwenyewe hasara ya kulichelewesha wazo hilo.

Miaka ya mwisho maumivu yalimzidi. Hata hivyo alisaidia kuanzisha Paris magari ya farasi yaliyofuata njia maalumu kwa nauli moja kwa kila abiria, babu wa daladala zetu. Yalianza tarehe 18 Machi, 1662. Tarehe 19 Agosti ya mwaka huo Pascal alifariki. Maandiko yake mawili juu ya vimiminika na hewa yalikuwa bado yamelala. Yalichapishwa mwaka 1663.

Yanahusu maji yaliyotulia tu. Maji yanayokwenda na yanayotikiswa yalisubiri wengine, kwanza Daniel Bernoulli katika kitabu chake cha mwaka 1738. Tofauti hiyo watoto wa Chamwino wanaijua kwa shingo zao. Anayebeba ndoo kichwani huona kwamba maji yakianza kuyumba humsukuma huku na huku kuliko uzito wake wenyewe, na akina mama wengi huweka tawi la majani juu ya maji ili kuyatuliza. Boza la maji lililojaa nusu lina tabia hiyo hiyo: dereva akifunga breki, maji hukimbilia mbele na kuupiga ukuta wa mbele kwa nguvu ambayo kina peke yake hakiwezi kuieleza. Kwa sababu hiyo ndani ya boza huwekwa kuta zenye matundu, ambazo ni tawi lile lile katika umbo la chuma.

Tetemeko la ardhi hufanya kwa tangi kama breki ifanyavyo kwa boza. Mhandisi George Housner wa California alieleza katika miaka ya 1950 na 1960 kwamba maji ya tangi linalotikiswa hugawanyika namna mbili: sehemu ya chini huenda pamoja na tangi kana kwamba ni jiwe moja, na sehemu ya juu huyumba polepole kwa mawimbi. Tangi jembamba na refu lina zaidi ile ya kwanza, tangi pana na fupi lina zaidi ile ya pili. Jambo hili huonekana kwa kusukuma mezani karai na chupa, vyote vikiwa na maji, na kuvisimamisha ghafla. Mkoa wa Dodoma umo katika tawi la mashariki la Bonde la Ufa, na tetemeko la Kagera la tarehe 10 Septemba, 2016, lililobomoa majengo ya shule za Ihungo na Nyakato, lilionyesha kwamba shule haziko salama kwa kuwa ni shule. Tangi la plastiki lililoinuliwa juu ya mnara lisikae juu ya mbao zilizoachana, bali juu ya jukwaa zima lililo sawasawa, na miguu ya mnara ifungwe kwa vyuma vya mshazari.

Mwaka 1971 mkutano mkuu wa mataifa juu ya vipimo uliamua kwamba kizio cha kanieneo kiitwe paskali. Ni kizio kidogo mno. Maji yenye kina cha sentimeta moja tu hukandamiza kwa paskali 98 hivi. Kwa hiyo wauza mabomba hupendelea kizio cha bari, ambacho ni paskali 100,000. Bomba la plastiki lililoandikwa ubavuni PN 10 hustahimili bari 10, yaani maji yaliyosimama kimo cha kama meta 100 juu yake. Vipande vilivyobaki baada ya fundi kuondoka havikosekani shuleni. Darasa la sita likipewa kipande kimoja na kamba ya kupimia kimo cha tangi, linaweza kukokotoa lenyewe kama bomba hilo linatosha.